Maswali na majibu: skripti ya kusoma barua pepe

Safari hii maswali karibu yote ni ya jambo moja, mnataka skripti iingie inboksi iwatolee kitu, namba ya oda, kiasi kilicholipwa, faili la PDF, na wengi mmekwama sehemu zilezile. Nimechukua machache. Mifano ni ya Python kwa sababu ndo wengi mnaitumia.

Nafungua Gmail kwa Selenium (programu ya kuendesha brauza kwa kodi) halafu nasoma ukurasa. Ilikuwa inafanya kazi, sasa haioni kitu. Nirekebishe wapi?

Usirekebishe mkuu, itupe. Ukurasa ule umetengenezwa kwa macho ya mtu, majina ya klasi zake ni herufi za ovyo ovyo na wenye huduma wanayabadili wakijisikia, hawakuulizi. Ingia kwa IMAP, njia ya programu kusoma barua pepe kwenye seva, poti 993, au tumia API ya huduma yenyewe, yaani mlango waliouweka kwa ajili ya programu, kama ipo. Huko unapewa ujumbe wenyewe kama ulivyofika, sio jinsi brauza ilivyoamua kuupamba.

Paswedi ni sahihi, kwenye brauza naingia vizuri, ila IMAP inanikatalia.

Gmail walianza kuzima njia ya paswedi ya kawaida Mei 30, 2022 na Microsoft nao wamehamia OAuth, ambapo mwenye akaunti anairuhusu programu bila kuipa paswedi yake. Kwa Gmail yako mwenyewe washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza paswedi ya programu, ni ya herufi 16, weka hiyo. Ila kama skripti itasoma akaunti za watu wengine nenda OAuth moja kwa moja, usiwaombe watu paswedi zao.

Nikisoma ujumbe napata vitu kama =C3=A9 na mistari inakatikia kwenye alama ya =, mwingine ni mabonge ya herufi zisizosomeka, na mada inaanza na =?UTF-8?B? Nimeandika replace karibu ya kila alama lakini haziishi.

Na hazitaisha, hizo replace futa zote. Barua pepe ilizaliwa enzi za ASCII ya biti 7, yaani herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache tu, kwa hiyo MIME, kanuni za kupanga yaliyomo kwenye barua pepe, ilipokuja miaka ya 1990 ilibidi kila kitu kingine, herufi zenye alama, picha, PDF, kivishwe nguo ya ASCII ndo kipite. Nguo zenyewe ni mbili kubwa. Quoted-printable inaandika baiti ngeni kama = na tarakimu mbili za heksa, na mstari haupiti herufi 76 ndo maana unaona umekatwa na = mwishoni. Base64 ndo hayo mabonge. Mada ina utaratibu wake wa tatu, hiyo =?UTF-8?B? uliyoiona.

Halafu kitu ambacho wengi hawajakiweka kichwani: ujumbe hauna mwili mmoja, ni mti. Juu unakuta multipart/mixed, ndani yake multipart/alternative yenye maneno yaleyale mara mbili, text/plain na text/html, pembeni limekaa faili lililoambatishwa, na kila tawi la maneno lina charset yake (jinsi baiti zinavyogeuzwa kuwa herufi, UTF-8 ni mojawapo), na kila tawi lina nguo yake. Ukichukua ujumbe mzima ukaudecode kwa UTF-8 mara moja lazima uharibu sehemu fulani. Acha laibrari ya email ya Python ifanye, na ipe baiti za ujumbe (ndo hiyo data hapo chini), usiipe stringi:

`from email import message_from_bytes, policy`
`m = message_from_bytes(data, policy=policy.default)`
`b = m.get_body(preferencelist=('plain', 'html'))`
`maneno = b.get_content() if b else ''`

Hiyo policy.default usiisahau. Bila hiyo unapewa tabia ya zamani, get_body haipo na m['subject'] inabaki na takataka zake. Na zungushia try, kuna watumaji wanaandika charset ambayo haipo duniani na get_content itakurushia LookupError, basi hapo chukua baiti ujaribu windows-1252, charset ya zamani ya Windows.

Natumia Gmail API, b64decode inalalamikia padding, au inapita lakini maneno yameharibika.

Ile ni base64 ya URL, ina - na _ badala ya + na /. Tumia urlsafe_b64decode. Tena omba format='raw' upate ujumbe mzima, uupitishe kwenye mistari ileile ya hapo juu, uachane na kutembeza payload na parts, vipande vya ujumbe ambavyo API inakupa, kwa mkono.

Skripti ikipita, kwenye simu meseji zote zinaonekana zimeshasomwa.

Unaomba ujumbe kwa RFC822 au BODY[], na hizo zinauwekea alama ya kusomwa. Omba BODY.PEEK[], hiyo inachungulia tu bila kuweka alama.

Nahifadhi namba ya ujumbe wa mwisho niliosoma, lakini kuna siku inaruka baadhi.

Hiyo ni namba ya foleni, ukifuta ujumbe mmoja walio nyuma wote wanasogea. Hifadhi UID, namba ya ujumbe isiyosogea, pamoja na UIDVALIDITY ya folda husika, namba inayoonyesha kama UID za folda hiyo bado ni halali, na siku UIDVALIDITY ikibadilika UID zako za zamani hazina maana tena, anza upya. Message-ID inasaidia kugundua marudio ila inaandikwa upande wa mtumaji, usiitegemee peke yake.

Nivute kiasi na namba ya oda kwa rejeksi (regex, ruwaza ya kutafutia maandishi) kwenye HTML?

Kwenye HTML mbichi hapana, meza ndani ya meza ndani ya meza, utalia. Angalia kwanza kama ndani ya HTML kuna script ya application/ld+json, data iliyoandikwa kwa ajili ya mashine, baadhi ya watumaji huweka oda humo ikiwa imepangwa tayari. Haipo? Jaribu text/plain, japo wengine wanaweka humo sentensi moja tu ya kukwambia fungua brauza. Kikishindikana pitisha HTML kwa BeautifulSoup, laibrari ya kusoma HTML, chukua get_text(), hapo ndo rejeksi iingie. Na hifadhi ujumbe mbichi kama .eml, kwa sababu muonekano utabadilishwa tu, na ukibadilika utakuwa na cha kujaribia.

Viambatisho navihifadhi kwa jina lililokuja nalo, kuna shida?

Ipo. Jina limeandikwa na mtumaji, anaweza kuweka ../../ (yaani panda folda mbili juu) akaandika juu ya faili lako jingine. Pita kwa iter_attachments(), faili lipe jina lako mwenyewe, la kwake liweke kwenye database kama maandishi tu.