Kuna nini Mtwara? Nilivyoacha kukwama kwenye “there is” na “there are”

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lindi kaniandikia. Kaanza kwa adabu zote, “Shikamoo dada”, kisha kaeleza shida yake. Kaitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, hoteli ya ufukweni, na kila akijaribu kujieleza kwa Kiingereza anakwama pale pale, kwenye kusema mahali fulani kuna kitu fulani. Kanuni anazijua. “Is” umoja, “are” wingi. Zimo kichwani, mdomoni hazifiki.

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa wasome na wengine, maana najua mko wengi, na wengi wenu mnataka ninachokitaka mimi: kazi ya kivulini, ya heshima, ya kuongea na watu wa dunia nzima bila kuhama kwenu.

Tena umeniandikia wakati mzuri. Mwezi huu nimefanywa msimamizi wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni ninayofanyia kazi, hapa Shangani, Mtwara, bahari unaisikia ukiwa kaunta. Nilianza na zamu ya usiku, kazi ya kufungua geti na kugawa funguo. Leo wakija wageni wa Ulaya bosi mwenyewe ananiita: “Njoo uwaeleze.” Najisifu, ndiyo. Nimekihangaikia hiki cheo.

Miaka ile ya gesi, kabla bomba halijaanza kuipeleka Dar es Salaam mwaka 2015, Mtwara ilikuwa na joto lake. Kodi za nyumba zilipanda, wageni walijaa, na kila mwenye cheti alitembea na bahasha ya kaki kwapani. Na mimi nilikuwa na yangu. Nilikuwa na C ya Kiingereza ya kidato cha nne, na shuleni kwetu C ile ilikuwa ya kutembea nayo kifua mbele. Nikaitwa kwenye usaili wa kampuni moja, sitaitaja. Kiyoyozi, meza ndefu, watu watatu. Nikataja jina, umri na shule vizuri kabisa, maana hivyo nilivikariri nyumbani. Kisha yule wa katikati, Mtanzania mwenzetu, akaniuliza kwa Kiingereza: hebu tuambie, Mtwara kuna nini?

Swali la mtoto hilo. Angeniuliza kwa Kiswahili ningeongea mpaka waniombe ninyamaze. Kwa Kiingereza nilitoa “In Mtwara...” nikabaki hapo, kama mtu aliyeshika kamba na ngalawa imeshaondoka. Yule bwana akamgeukia mwenzake akasema, kwa Kiswahili, wala hakupunguza sauti: “Hawa wa huku bado sana.”

Sijaisahau. Watu wamenikosea makubwa kuliko hilo na nimewasamehe, huyu bado. Wa huku! Bahari ya huku, bandari ya huku, gesi yenyewe iliyomleta ni ya huku, halafu sisi wa huku ndio bado.

Baada ya pale kuna kipindi kirefu cha kuuza vocha na kulala sebuleni kwa dada yangu, mtaa wa Chikongola. Hakina la kusimulia. Ninachokumbuka ni mchana mmoja nilipofungua daftari langu la kidato cha kwanza na kukuta somo zima la “there is” na “there are”, mwandiko wangu mzuri, vema nyekundu pembeni. Kuna kitabu juu ya meza. Kuna vitabu viwili juu ya meza. Kuna paka chini ya kiti. Ukurasa baada ya ukurasa kitabu kiko mezani, paka yuko chini ya kiti. Darasani kwetu hata paka hakuwepo, na vitabu tulikuwa tunagawana wanne wanne. Hakuna aliyewahi kutuuliza bandarini kuna nini.

Nikaanza upya, kwa miguu. Asubuhi natoka Chikongola, napita sokoni, nashuka mpaka feri panapoegeshwa vyombo vya uvuvi, na kila ninachokiona nakisema kwa sauti. Siyo moyoni, kwa sauti. “There is a woman selling octopus. There are two men mending a net. There is a boy sleeping in a boat. There is ice, but there is no fish.” Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu wake alinivumilia siku kadhaa, mwisho akashindwa: “Mwanangu, wewe ni mtu wa ushuru? Maana unatuhesabu kila siku.” Nikamwambia najifunza Kiingereza. Akacheka, kisha akawa akiniona ananionyesha kwa kidole: na yule pale, na kile pale? Mwalimu wangu bora alikuwa huyo, na Kiingereza hajui hata salamu.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo: tembea, tazama, sema kwa sauti. Kwa siku chache utajiona kichaa. Zitapita.

Sasa nikwambie yale ambayo daftari halikuniambia, maana kosa letu Waswahili kwenye jambo hili halitoki kwenye umoja na wingi. Linatoka nyumbani kwetu, kwenye “kuna”. “Kuna” yetu imebeba “na” ya kumiliki: mahali pana kitu, yaani mahali pamekuwa nacho. Ndiyo maana mtu anasema “Mtwara it has a port” au, mbaya zaidi, “there has a port”. Kiingereza hakisemi hivyo. Kinaanza na “there”, ambayo hapo haina maana ya pale wala kule, imekaa tu kushika nafasi, halafu kinataja kitu, halafu mahali: “There is a port in Mtwara.” Na sisi tuna “kuna”, “pana” na “mna”, tatu nzima za kuonyesha kama ni kwa jumla, hapa hasa, au ndani. Mwingereza hana anasa hiyo. Zote tatu kwake ni “there is”, na tofauti anaiweka mwishoni kwa “in”, “at” au “on”. Ukilielewa hili nusu ya kazi imekwisha.

Nusu ya pili ni kutenganisha “kuna” na “iko”. Mgeni akiuliza kama kuna benki, jibu ni “Yes, there is a bank.” Umeshaitaja, sasa inajulikana, kwa hiyo usirudi kwenye “there is”; sema “It is near the market.” Ni vilevile kama Kiswahili: kuna benki, iko karibu na soko. Ukisema kuna benki, kuna karibu na soko, hata mama yako atakushangaa. Wengi wetu kwa Kiingereza ndivyo tunavyosema bila kujijua. Na kwenye kutaja mara ya kwanza tumia “a”, acha “the”. “The” ni ya kitu mnachokijua wote wawili.

Halafu kuna “no any”. Jamani, “no any”! Nimeisikia maofisini, nimeisikia kwenye spika za mikutano, nimeiona imeandikwa ukutani. “There is no any problem.” Chagua moja: “There is no problem”, au “There isn’t any problem”. “No” peke yake imeshabeba “not any”, ukiongeza “any” unarudia kitu kimoja. Mwenzangu mmoja wa zamu ya asubuhi nimemwekea faini ya shilingi mia mbili kila akiisema, na kopo limeshatununulia chai.

Na mizigo. Kwetu mizigo ina wingi, kwao “luggage” haihesabiki, kama maji au mchele. Kwa hiyo mabegi yakiwa kumi chumbani bado ni “there is some luggage in the room”. Vivyo hivyo “furniture”, “information” na “advice”. Mtu wa mapokezi anayesema “there are many informations” mgeni atamwelewa, lakini usaili ameshaupoteza.

Lililonichelewesha zaidi ni hili, kwa hiyo lisikilize. Siyo kila “kuna” ni “there is”. Kuna joto, kuna baridi, kuna giza: hapo Kiingereza kinatumia “it”. “It is hot. It is cold. It is dark.” Mtwara mwezi wa Desemba utalisema la joto mara ngapi kwa siku, halafu kila mara unasema “there is hot”? Umeme ukikatika, “there is no electricity, so it is dark.” Sentensi moja, hizo mbili zimekaa pamoja. Ikariri hiyo, kwa kazi yetu utaihitaji.

Na ukitaka kusema kuna watu wanasubiri, usirudie kitenzi. Siyo “there are people are waiting”. Ni “there are people waiting”, basi. Kuna mtu anakuita: “there is someone calling you”. Yule mama wa pweza niliyemtaja juu, ndivyo nilivyomsema.

Wakati uliopita nilijifunzia Mikindani, na huko ndiko nilikoanza kupata raha. Ni kama kilometa 10 kutoka mjini, nauli ya daladala haiumi. Pale pana vya sasa na vilivyokwisha mahali pamoja, kwa hiyo mdomo unalazimika kubadilisha. Kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895, leo ni hoteli: “There was a German fort here. There is a hotel now.” Kuna nyumba kuukuu yenye jina la Livingstone, maana safari yake ya mwisho ya bara aliianzia huku mwaka 1866. Kulikuwa na biashara ya pembe na ya watu: “There was a trade in ivory and slaves.” Hiyo niliisema taratibu, nimesimama kwenye jua. Ukienda Mnazi Bay kuna gesi na kuna matumbawe, “there is gas and there are coral reefs”, moja haihesabiki na nyingine ni wingi, zoezi limejipanga lenyewe.

Sasa niwape kilichonipandisha cheo. Mwaka huu alikuja Mjerumani mtu mzima na mkewe. Wakiwa wanakunywa chai akauliza kama huku kusini kuna cha kale cha kuona zaidi ya Kilwa. Nikamwambia hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema: “There is a hill called Tendaguru, in Lindi. There were dinosaurs there. There is no skeleton for you to see, because it is in Berlin.” Mke akacheka. Mume alikaa kimya kidogo, kisha akasema ni kweli, tangu mtoto alikuwa anapelekwa na baba yake kumtazama yule dinosaria kwenye makumbusho, na hakujua alitoka karibu hivi na alipokalia. Nikamweleza na mengine: Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wabebaji wa kwetu wakaishusha ile mifupa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, na mmoja aliyeunganishwa kule Berlin anapita mita 13 kwenda juu. Bosi alikuwa jikoni, mlango wazi. Wageni wakaongeza usiku mbili.

“Is there”, “there is”, “there were”, “there is no”. Hakuna hata kimoja hapo ambacho hakikuwa kwenye daftari langu la kidato cha kwanza. Kilichokuwa kimekosekana ni Tendaguru.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kusubiri kozi. Wapo wanaokuuzia kozi ya laki mbili ya kuongea Kiingereza kwa wiki sita, wakakurudisha kule kule mezani kwenye kitabu. Tembea, tazama, sema kwa sauti. Vijana mnakaa kijiweni kutwa nzima, mbele yenu bodaboda, magunia ya korosho, mama anachoma muhogo, mtoto amembeba mwenziwe, na hamna hata sentensi moja. Simu mnayo ya kutazamia mpira, ya kujirekodi hamna? Jirekodi. Jisikilize. Utajichukia kidogo, rekodi tena. Na anayekucheka mtaani mwache acheke, siku ya mshahara hatakuwepo.

Wewe wa Lindi, mtaa wako ni tajiri. Simama ufukweni uanze na kivuko cha Kitunda: “There is a ferry to Kitunda.” Kisha jiulize mwenyewe, “Are there any boats today?” ujijibu kwa kirefu. Na kwenye usaili, wakikuuliza “Is there...?” usijibu “Yes, it is”. Jibu “Yes, there is”, uiachie nzima, usiikate ikawa “there’s”, ile fupi haikai mwisho wa jibu.

Limebaki la matamshi, nililoulizwa na wengi. “There” si “zea” wala “dea”. Inaanza na dh ile ile ya dhahabu na dharau, ambayo watoto wa pwani tumeipata madrasa kabla hata ya kuanza la kwanza. Weka ncha ya ulimi kati ya meno, utoe sauti. Ukiipata hiyo, “this”, “that” na “those” zinakuja zenyewe.