Ukiitwa mbele ya jopo la tathmini ya janga, nenda na leja yako

Wakati wa Uviko-19 nilikuwa mtunza stoo hospitalini. Baadaye serikali ikaunda jopo la kupitia namna janga lilivyoshughulikiwa, ili dharura ijayo isitukute tumelala, nami nikaitwa kutoa maelezo.

Kwa atakayeitwa kesho: usitegemee kichwa. Kichwa hupanga mambo upya mpaka yote yaonekane yalijulikana tangu mwanzo. Mimi nilibeba leja. Ilionyesha barakoa ziliingia lini, wodi gani iliomba ngapi na ikapewa ngapi. Pembeni nilikuwa nimeandika kwamba baadhi ya maboksi yalikuja na tarehe mpya ya kuisha muda, imebandikwa juu ya ile ya zamani. Ukurasa huo ndio wajumbe wa jopo walioung'ang'ania.

Kisha sema ulichokijua siku ile, si unachokijua leo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa Januari 30, 2020, lakini ushauri wake wa kuhimiza barakoa kwa raia wa kawaida mahali penye maambukizi ulitoka Juni. Aliyekataa kuzigawa mitaani mwezi Aprili asihukumiwe kwa ushauri wa Juni. Aulizwe kwa nini stoo ilikuwa tupu, hilo ni swali la haki.

Jopo likianza kusaka mchawi, watu hufunga midomo, na leja hupotea kimiujiza.

Ukipewa nafasi ya kupendekeza, taja nani atekeleze na lini. Uingereza ilifanya zoezi la kujipima dhidi ya mafua makali mwaka 2016, likaitwa Cygnus, likaanika mapengo mengi. Corona ilipofika, mengi yalikuwa bado wazi. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu janga hilo, ulioongozwa na jaji mstaafu Heather Hallett, Julai 2024, ilisema nchi hiyo ilijiandaa kwa janga lisilo lenyewe, ikataka zoezi la nchi nzima angalau kila baada ya miaka 3. Mimi ningeongeza: zoezi hilo lisiwe la wakubwa peke yao. Waiteni madereva na watunza stoo, maana wao ndio hujua gari lipi haliwaki.

Mwisho, omba nakala ya maelezo yako na uisome kabla ya kusaini. Kwenye yangu waliandika “vifaa vilitosha”. Nilichosema ni kwamba vilitosha hadi Jumatano.