Kiingereza cha magofu: mambo yaliyopita yanasemwaje

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni hapa Kilwa, kazi yetu karibu yote ni kusimulia ya zamani, mgeni akivuka kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara anataka kujua nani alijenga, nani alikuja, nani alivamia, kwa hiyo kabla hujahangaika na Kiingereza kingine kaza kwanza wakati uliopita.

Vitenzi vya kawaida unaongeza -ed basi. Visit inakuwa visited, attack attacked, live lived, halafu carry inageuka carried na stop inapata p mbili, stopped. Awe I, he au they kitenzi hakibadiliki, ile s ya wakati uliopo haipo huku. Was na were tu ndo zinaangalia nani anatajwa.

Kinachowaangusha wengi ni mdomo. Sisi tumezoea neno kuishia na irabu, basi mtu anasema "atakedi" na mgeni anakunja uso. Attacked inatoka "atakt", ikatie hapo hapo kwenye t, usiongeze kitu. Lived inaishia na d. Silabi ya ziada, "-id", inakuja pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na sauti ya t au d, kama visited, wanted, needed. Zoezea hizi mbili kwa sauti, maana utazisema kila siku (Ibn Battuta ni yule msafiri maarufu wa Morocco): Ibn Battuta visited Kilwa in 1331. The Portuguese attacked Kilwa in 1505.

Vile visivyofuata -ed usianze kukariri orodha nzima ya kitabuni, utachoka bure, anza na vya kazi yako: build built, come came, bring brought, sell sold, find found, leave left. Mfano, kwa lile gofu la kasri la Husuni Kubwa, Sultan al-Hasan bin Sulaiman built Husuni Kubwa in the 14th century. Na mgeni akikuuliza habari za Tendaguru kule Lindi, yale mabaki ya dainosaria yaliyochimbwa kuanzia 1909, unamwambia German scientists dug up the bones and took them to Berlin, hapo umetumia dig na take kwa mkupuo mmoja. Put na cut zinabaki vilevile, raha tupu.

Sasa kukanusha na kuuliza. Kila siku nasikia "they did not built", "did he came?". Angalia Kiswahili chetu, walijenga ukikanusha unasema hawakujenga, husemi hawakulijenga ukimaanisha hicho hicho, -li- inaondoka, -ku- inakaa mahali pake. Did nayo ikishaingia wakati uliopita umo humo ndani yake, kitenzi kinarudi kilivyokuwa: they did not build, when did they build it? Ila who ikiwa ndiyo mtendaji did haihitajiki, who built this mosque?, na was na were hazitaki did kabisa, it was not a prison, imetosha.

Kingine ni have. Kwetu mtu anasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka, lakini Kiingereza ukishataja jana, au mwaka, au ago, have unaiacha. Siyo Ibn Battuta has visited Kilwa in 1331, hapana, ni visited tu.

Mazoezi yako kwenye boti ile ya kuvuka kutoka Kilwa Masoko. Kabla ya historia muulize mgeni how did you come to Kilwa, did you fly or did you drive? Akisema we flew, au we drove, umeshapata viwili vya bure, na akiendelea kusimulia we slept in Dar, we ate pweza, wewe sikiliza tu anavyovitamka.