Jibu: Ndege yangu ya kivita inabinuka ikiruka Kisumu

Ndugu, umeuliza kwa nini ndege yako ya kubuni, ile ya mabawa ya pembetatu, inabinuka mara tu magurudumu yanapoachana na lami pale Kisumu. Tafadhali usiongeze nguvu ya injini kwanza. Tazama kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa ndege unasawazika. Injini mbili umezipanga mkiani, na matangi yako huko huko. Kitovu kikikaa nyuma ya mahali mabawa yanapoinulia ndege, pua ikipanda kidogo inaendelea kupanda yenyewe. F-16, ndege ya kivita ya Marekani, iliundwa hivyo makusudi, lakini ina kompyuta inayoisawazisha kila wakati. Yako haina.

Jana usiku nilikata umbo la ndege yako kwenye boksi la maziwa. Nililirusha, likainua kichwa, likaanguka miguuni pangu. Nikabandika sarafu ya shilingi kumi puani, na safari hii likateleza vizuri hadi mlangoni! Basi sogeza rada na tangi moja mbele ya rubani, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara.

Ukihamia Nakuru, kumbuka mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo mabawa na injini vyote hupungukiwa nguvu. Ongeza urefu wa njia ya kurukia.

Kama unataka kipimo cha kuanzia, tumia F-5E, ndege ya kivita ya jeshi letu la anga la Kenya: injini mbili ndogo aina ya J85, mwili mwembamba, kasi ya Mach 1.6, yaani mara 1.6 ya kasi ya sauti. Rangi na nembo ziache mwisho kabisa.