Fundi wa Kodi Anajibu: T yangu imegoma kuingia kwenye databesi

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Miye nipo Wete, naandika programu ya kikundi chetu cha kupokea mazao, karafuu, makonyo na mwani. Natumia Java na Hibernate, ile maktaba inayovitia vitu vya Java kwenye tebo za databesi. Nkaona kwa nini niandike klasi tatu zinazofanana, nkaandika moja tu, Pokezi<T extends Zao>, ndani mna tarehe, kilo, mkulima, na private T zao ambayo nimeiwekea @ManyToOne. Kompaila kimya, haijasema kitu, lakini programu ikiwaka tu inanambia taipu ya zao haijulikani, niitaje mwenyewe. Kaka yangu yupo Dar anaandika C#, ananicheka, ati kwao shida hizo hawana. Nifanyeje?
Mwana wa Wete

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kompaila na Hibernate hawaoni kitu kimoja, ndo maana mmoja kakubali na mwengine kagoma. Jeneriki za Java, yaani hizo T zinazoshika pahala pa taipu itakayotajwa baadaye, ni mambo ya kompaila. Zilipoingia na Java 5 mwaka 2004 wenyewe walitaka kodi za programu za zamani ziendelee kukimbia bila kuguswa, kwa hivyo kompaila ikishahakikisha huchanganyi vitu, T inafutwa na pahala pake inakaa Zao. Gunia limeandikwa "karafuu" ghalani, likipita getini maandishi yanafutwa, na Hibernate yeye yupo bandarini anasubiri.

Ila si kila kitu kinafutwa, na hapa wengi wanachanganyikiwa. Ukiandika ndani ya klasi List<Mkulima> wakulima, tangazo hilo linabaki kwenye faili la klasi, Hibernate analisoma kwa rifleksheni, yaani kuzichungulia klasi programu ikiwa inakimbia, ndo maana @OneToMany inafanya kazi bila kuitaja klasi ya pili. Kwako wewe analisoma tangazo vizuri tu, anachokikuta ni herufi T, sasa T ni tebo gani?

Kaka yako kasema kweli nusu. Kwenye C# tokea .NET 2.0 ya mwaka 2005 taipu inabaki mpaka programu inapokimbia, ukiuliza typeof(T) unajibiwa. Lakini mwambie aipe Entity Framework, ndo Hibernate ya kwao, hiyo Pokezi<T> ikiwa wazi hivyo hivyo, aone kama itaipokea. Lazma aitaje, Pokezi<Karafuu>. Asicheke sana.

Njia ya mkato ipo, @ManyToOne(targetEntity = Zao.class), na Zao iwe entiti yenye tebo yake. Kosa litaondoka. Lakini angalia kitakachokuja. Unaandika "select p from Pokezi p", jibu unalitia kwenye List<Pokezi<Karafuu>>, kompaila inanung'unika kidogo kwa onyo la njano, unalizima. Ndani ya orodha mna pokezi la mwani, limekaa humo raha mustarehe, kilo zinajumlishwa, kila kitu sawa, mpaka pale unapoita getZao().getDaraja() ndo unapata ClassCastException, mbali kabisa na pahala ulipokosea. Na ukiweka LAZY, yaani zao lisiletwe mpaka ulihitaji, ndo balaa zaidi, maana Hibernate anakupa kivuli kilichotengenezwa kutokana na Zao, si kutokana na Karafuu, basi hata mstari wenyewe ukiwa wa karafuu kweli kweli bado kasti, yaani kuichukua kama Karafuu, inakataa. Hapo utafute Hibernate.unproxy. Watu wanakesha kwa kitu hicho, wallahi.

Miye ningefanya hivi. Pokezi<T extends Zao> iwe abstract, itie @MappedSuperclass (mama asiye na tebo yake) badala ya @Entity, tarehe, kilo na mkulima vibaki humo humo. Halafu andika PokeziKarafuu extends Pokezi<Karafuu>, na ya makonyo, na ya mwani, kila moja na @Entity yake, mwili wake mtupu au una mistari miwili. Hapo T imeshatajwa kwenye tangazo la mtoto, na tangazo halifutwi, Hibernate anajua kila moja inaelekea tebo ipi. Ndiyo, ni zile zile klasi tatu ulizozikimbia, lakini ni fupi.

Gharama yake moja: JPQL, lugha ya kuuliza databesi kwa majina ya klasi, haikubali kuuliza klasi mama ya @MappedSuperclass, kwa hivyo ripoti ya mazao yote kwa swali moja huipati, utauliza mara tatu ujumlishe. Kama ripoti hiyo ndo kazi kubwa ya kikundi chenu, basi achana na T kabisa, Pokezi iwe entiti ya kawaida yenye Zao zao, kasti ufanye mwenyewe pale unapoihitaji.

SWALI: Fundi, miye nataka klasi moja tu Hifadhi<T> ya kusevu na kutafuta kwa tebo zote. Nayo itagoma?
Kijana wa Fuoni

JIBU: Haigomi yakhe, huko ndo jeneriki zinapofaa hasa, kwa sababu Hifadhi si entiti na haina tebo. Ila ndani yake huwezi kuandika T.class, Java haikubali. Ipe klasi yenyewe kwenye konstrakta, new Hifadhi<>(Mkulima.class), iweke kwenye sehemu ya Class<T>, kisha em.find(klasi, id), em ni EntityManager wako, inakurudishia T bila kasti. Wengine wanaichimbua kwa getGenericSuperclass wasije wakaandika neno moja la ziada, halafu siku fremuweki ikiifunika klasi yao kwa proksi, kivuli kama kile cha Hibernate, wanaanza kutafutana.