Muda wa Kuandika Kitabu Unatoka Wapi?

*Barua mbili na swali moja fupi zimetufikia kutoka kwa wasomaji, zote zikihusu namna ya kuandika kitabu huku maisha ya kila siku yakiendelea. Anayejibu ni mhariri wetu wa fasihi.*

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na huu ni mwaka wa nne naandika riwaya ambayo haijavuka sura ya tatu. Kila jioni narudi nyumbani na rundo la madaftari ya kusahihisha, kisha kuna watoto, na wakishalala mimi nami sina nguvu tena. Nyumba yetu ina meza moja tu, ambayo ndiyo ya chakula, ndiyo ya watoto kufanyia kazi za shule, na ndiyo ninayosahihishia. Nimekuwa nikingojea likizo, lakini kila likizo huja na mambo yake. Je, ningoje mpaka nistaafu? — *Mwalimu wa Meza Moja*

JIBU: Mwalimu, usingoje. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kungoja. Niliomba likizo ya wiki tatu kwa ajili ya kitabu tu, na wiki ya kwanza ikaisha nikipanga rafu na kutafuta taa inayofaa. Ya pili nilisoma upya sura za mwanzo na kumbadilisha mhusika mkuu jina mara mbili. Nilirudi kazini na kurasa kumi na moja, ambazo saba kati yake nilizifuta baadaye. Wiki tatu zilikuwa nyingi mno kwa mtu asiyekuwa na mazoea ya kuandika hata nusu saa.

Kwa hiyo anza na kidogo, lakini kiwe kidogo kinachojulikana saa yake. Kabla ya kuchagua saa hiyo, chukua wiki moja uandike, bila kubadilisha chochote, ulichofanya kila nusu saa tangu unapoamka mpaka unapolala. Zoezi hili linaudhi, na watu wengi huliacha siku ya tatu, lakini ndilo linalofichua mambo. Muda wa kuandika hauokotwi. Unachukuliwa kutoka kwa jambo fulani, na ni afadhali ulijue jambo hilo kwa jina lake. Huenda ni taarifa ya habari unayoitazama mara mbili kwa usiku mmoja, huenda ni simu, na huenda ni usingizi, ingawa nakusihi usingizi uuguse mwisho, maana anayeandika akisinzia atalazimika kuandika tena. Ukiona kwamba usiku huna nguvu, kama unavyosema, basi usiku si wako. Lala mapema uamke mapema.

Hili si jambo geni. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta kwa miaka mingi, na alikaa mezani kwake saa 11 na nusu alfajiri, saa ya mfukoni ikiwa mbele yake, akijitoza maneno 250 kwa kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Kwetu, Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, akianzia katika idara ya forodha, na hakungoja pensheni ndipo ashike kalamu. Wewe huhitaji kasi ya Trollope, ambayo mimi naiona ni ya kutisha kidogo. Hata ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata 1,500. Katika wiki 40 yanafika 60,000, na kwa kuwa ukurasa wa kitabu hubeba maneno 250 hadi 300 hivi, hicho ni kitabu cha kurasa zisizopungua 200, na bado umejiachia wiki 12 za mitihani, maradhi na misiba.

Wahenga wanasema bandu bandu huisha gogo, na wamesema kweli, ila hawakutaja kwamba gogo likiachwa wiki tatu mtu husahau aliishia kuchanja upande gani. Naamini hapo ndipo riwaya yako ilipokwama. Kinachomla mwandishi mwenye shughuli nyingi si uchache wa dakika za kuandika. Ni dakika zinazopotea akitafuta njia ya kurudi ndani ya kitabu. Ukiwa na dakika 45, na 30 kati yake zinakwenda katika kujikumbusha nani alikuwa amemwambia nani nini, umebaki na 15. Dawa yake ni rahisi: usisimame pale ulipokauka, simama ukiwa bado unajua kinachofuata, na kabla ya kufunga daftari andika mistari miwili ya kujielekeza. Yangu ilikuwa ya namna hii: "Mjomba ameshafika mlangoni, hajabisha. Ana barua lakini hataitoa leo." Kesho yake sikuwa na la kufikiri, nilimbishisha hodi tu.

Sasa kuhusu meza. Mwaka 1929 Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, aliandika kwamba mwanamke anayetaka kuandika hadithi anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe, na hoja yake ina uzito mpaka leo, kwa sababu aliona kwamba wanaokosa chumba mara nyingi ni walewale wanaotarajiwa kumhudumia kila mtu. Lakini chumba kikikosekana, kazi haifi. Mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima gerezani kwenye karatasi za chooni. Simtaji ili nikuaibishe, maana hakuna anayepaswa kuandika katika hali ile. Namtaja kwa sababu anatusaidia kuona kwamba nafasi ya kuandikia si lazima iwe kuta.

Kwa miaka mitatu kitabu changu kiliishi juu ya sinia la bati. Juu yake palikuwa na daftari la rasimu, kalamu mbili, karatasi yenye majina ya wahusika na umri wao, na ukurasa wa jana ukitazama juu. Alfajiri nililiteremsha kutoka juu ya kabati na kuliweka mezani. Mtoto wa kwanza alipoamka, nililirudisha. Hakuna kilichopangwa wala kupanguliwa. Tafuta sinia lako, au kikapu, au sanduku, na uwakataze wote nyumbani kuweka kitu kingine humo, hata ufunguo. Simu nayo ilale mbali na meza.

Jambo la mwisho ni watu wa nyumbani. Usiwaambie kwamba unahitaji utulivu ili uandike, kwa sababu utulivu hauna mwisho na hakuna awezaye kuuahidi. Waambie saa: tangu saa 11 alfajiri mpaka saa 12 kasorobo, asiyeumwa asiniite. Kisha wewe mwenyewe, saa 12 kasorobo ikifika, inuka hata kama aya haijakamilika. Mwenzako akiona kwamba saa yako ina mwisho kweli, ataanza kukulindia.

SWALI: Nina mtoto mchanga, na siku mbili zangu hazifanani. Ushauri wa kuwa na saa maalumu haunisaidii. Nifanyeje? — *Mama wa Mmoja*

JIBU: Dada yangu, una haki. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani aliyekuwa pia mhariri wa vitabu na mama wa watoto wawili, alieleza kwamba alianza kuandika kabla ya mapambazuko kwa sababu alihitaji kuutumia muda uliokuwapo kabla wanawe hawajaita "Mama". Lakini mtoto mchanga huita saa yoyote, kwa hiyo achana na saa ya ukutani kwanza, ufunge kazi yako kwenye tukio: mtoto akishalala usingizi wa mchana, dakika kumi za mwanzo ni za kitabu, na vyombo vitangoja. Usijaribu kuandika sura. Andika onyesho moja, au mazungumzo ya watu wawili tu. Unapomnyonyesha na mikono haina nafasi, jirekodi kwenye simu ukisimulia, kisha uyaandike maneno hayo siku hiyohiyo, maana rekodi zikifika ishirini hutazisikiliza tena. Na iwapo miezi hii hutaandika chochote, kitabu hakitakushitaki.

SWALI: Kila ninapokaa kuandika nasahihisha kwanza ya jana, na muda unaisha. Ni kosa?

JIBU: Kwa mtu mwenye saa moja, ndiyo. Soma aya ya mwisho pekee, tia alama ya penseli pembeni panapokukera, uendelee. Kusahihisha kutengee siku moja ya wiki, na siku hiyo usiandike jipya.