Maswali ya Wasomaji: Vikombe vya Kakao vya Wamaya

SWALI: Kwenye picha za vikombe virefu vya Wamaya naona alama kama vichwa zikizunguka ukingo. Ni pambo au maandishi? Nianze kuzisoma wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni maandishi ya Wamaya, watu wa kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, na kwenye vikombe vingi mpangilio wake ni uleule: alama ya ufunguzi, kuwekwa wakfu kwa chombo, kuchorwa kwake, kwamba ni cha kunywea, kwamba ni cha kakao, kisha jina na vyeo vya mwenyewe. Mwanaakiolojia Michael Coe, aliyeutambua mpangilio huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alidhani ni maombi ya mazishi. Kumbe mtu aliandikiwa kikombe chake! Kuhusu kakao hakuna ubishi: chombo cha kaburini Río Azul, Guatemala, chenye alama ya kakao, kilikutwa na mabaki ya theobromini na kafeini, kemikali zilizomo kwenye kakao.

Soma kutoka kushoto kwenda kulia. Vichwa vya alama hutazama kushoto, kwa hiyo unasoma ukikutana navyo uso kwa uso. Ila jihadhari na picha zilizokunjuliwa, zile ambazo chombo huzungushwa mbele ya kamera hadi duara lote lilale bapa. Pa kukata huchaguliwa na mpiga picha, kwa hiyo sentensi inaweza kuanzia katikati ya picha. Tafuta kwanza alama ya ufunguzi.

Ukishazoea, kitazame kikombe kilichopo jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Princeton. Mungu mzee ameketi kwenye kiti cha enzi akihudumiwa na wanawake watano. Mmoja anamimina kinywaji kutoka juu ili kitoe povu. Chini ya kiti sungura anaandika kitabu. Pembeni mtu anakatwa kichwa, na mwanamke mmoja anamgusa mwenzake mguuni ili ageuke aone. Mguso huo mdogo ndio unaoziunganisha pande mbili za hadithi.

SWALI: Kwa nini vingi ni vyekundu, vyeusi na rangi ya maziwa, wakati bluu yao inasifiwa sana?

JIBU: Moto ndio sababu. Chombo kilifinyangwa kwa mapindi ya udongo bila gurudumu, kikapakwa udongo laini uliokorogwa na maji, kikachorwa kwa madini ya chuma na manganizi, kikasuguliwa, kisha kikachomwa. Madini hayo huvumilia moto. Bluu ya Wamaya ina nili, inayotoka kwenye majani, na moto ungeiunguza. Ndiyo maana ilipakwa baada ya kuchoma, juu ya lipu ya chokaa. Lipu hiyo haishiki sana, hubanduka kwa unyevu au kwa msafishaji mwenye haraka.

Moto nao ulitaka kiasi. Udongo wenye chembe za chokaa ukipita takriban nyuzi 800 za Selsiasi, chembe hizo hugeuka, baadaye hunyonya unyevu, huvimba na kubandua ngozi ya chombo.

SWALI: Nitajuaje kama mchoro umeguswa upya?

JIBU: Shuku mistari inayopita juu ya ufa bila kukatika. Chini ya taa ya urujuanimno (ultraviolet), rangi ya mrekebishaji huonekana tofauti na ya zamani.